Ndimu na Redio

Mshamu aliapa barazani, mbele ya majirani, kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi. Mkewe, Bi Mwanasha, alikuwa juu ya paa akianika nguo. Akamjibu kutoka huko huko kwamba vyote hufika chini pamoja.

“Basi angusha tuone,” Mshamu akasema. “Vikifika pamoja, futari ya Ramadhani nzima napika mimi.”

Bi Mwanasha akaingia ndani, kisha akarudi ukingoni mwa paa. Mkono mmoja ulishika ndimu. Mwingine ulikumbatia redio ya Mshamu, ile ya mbao, ambayo hata kuifuta vumbi haruhusu mtu.

“Si hiyo, mama Fadhili. Tafuta jiwe.”

“Ulitaka kizito, baba Fadhili. Humu ndani hakuna kilichonilemea kama hiki.”

Majirani wakakaza macho chini, wasije wakapitwa na ushahidi. Mshamu alikuwa keshatoka mbio, kanzu ameikinga kwa mikono miwili. Kule juu vidole vya mkewe vikafunguka, na yeye aliyeapa akajikuta anaomba kizito, leo tu, kichelewe.