Katoni ya Maji

Siwema, mpeleka mizigo kwa pikipiki, alikuwa amepiga magoti kando ya mtaro akimvuta bibi kizee aliyetumbukia humo na kikapu chake cha bamia, simu ikalia mara ya tatu. Akaipokea kwa mkono mmoja.

"Dada, mbona husogei?" mteja alifoka. "Nakufuatilia kwenye ramani. Dakika sita umeganda nje kwangu!"

Siwema akainua kichwa. Mteja mwenyewe alikuwa pale juu kwenye roshani, kifua wazi, macho kwenye simu.

"Kaka, chungulia chini. Mama wa watu kaanguka."

Akachungulia, akaziba pua. "Huyo ana wenyewe. Niletee maji yangu, au niripoti wakufute kazi."

Bibi alishatoka mtaroni. Tope la vyooni lilikuwa limemjaa usoni, anapapasa hewa. "Mjukuu wangu, macho yanawaka moto. Sioni."

"Kaka, niruhusu chupa moja tu nimwoshe."

"Thubutu! Nakuona."

Muda wote ule Siwema alikuwa ameuvumilia uvundo wa mtaro bila kutema mate. Sasa akatema, akakata simu na kuitia mfukoni. Akaishusha katoni ya yule bwana kutoka kwenye pikipiki, akaichana kwa meno, akafungua chupa ya kwanza.

"Inama, bibi. Usiyafumbe."

Maji yakateremka meusi, halafu ya kijivu. Alipofungua chupa ya pili, simu ikaanza tena kulia mfukoni. Hakuipokea. Jicho moja la bibi likafunguka, jekundu, likapanda polepole mpaka kwenye roshani, likamtulia yule bwana aliyeweka simu sikioni.