Pua ya Simbiti

Bata aliyepigwa risasi alianguka katikati ya bwawa, na mbwa wa Makwaya, Simbiti, akakataa kumfuata. Alikuwa mbwa wa kuonyesha ndege: akimnusa mmoja kwenye matete huganda, mguu mmoja wa mbele juu, pua ikielekea pale pale alipojificha.

"Uzee huo," Makwaya alimwambia shemeji yake, Tungaraza, akavua viatu na kuingia mwenyewe.

Maji yalimfika kiunoni. Alimwokota bata, akageuka. Ukingoni Simbiti alikuwa ameganda, mguu juu. Lakini pua haikumwelekea bata. Ilielekea maji matupu, hatua kumi hivi kutoka kwa Makwaya.

"Usisogee, shemeji," Tungaraza alisema polepole, bunduki begani.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu. Namtazama mbwa."

"Bwawa hili halina mamba," alisema Makwaya.

Maji yalikuwa yametulia, hata unyoya uliokuwa ukielea haukucheza. Simbiti hakubweka wala hakushusha mguu. Pua tu ndiyo iliyokuwa ikisogea, kidogo kidogo, ikifuata kitu kilichokuwa kikija chini ya maji, mpaka ikamwelekea Makwaya, ikasimama.