Mwaridi wa Marehemu Malimi

Helena alilibana tumba kwa kucha, akalikata, akalifukia kwenye majivu ya jikoni kabla watu hawajaamka. Mwaridi ukabaki majani matupu.

Mumewe, Malimi, aliupanda walipokuwa wakiishi Iyunga. Alipofariki, mama yake aliagiza mjane aje Igawa, na mwaridi ung'olewe uje naye. Mbele ya ukoo mzima mama huyo akatoa neno.

"Mwanangu akiridhia, mti wake utachanua hapa kwetu. Ukichanua, Masumbuko atamrithi Helena. Kabla ya hapo asimguse."

Masumbuko alikuwa shemeji yake. Mkewe wa kwanza alirudi kwao Chimala na mkono uliovunjika, na hakuna aliyethubutu kuuliza umevunjikaje. Sasa alikwisha kumjengea Helena chumba, chenye komeo la nje.

Mtu huyo alikuwa na haraka. Alimwaga samadi ya zizini, akasomba maji kwa punda.

"Mayu, mbona huu mti hautoi ua?" alimuuliza mama yake.

"Mti uliohamishwa una kinyongo. Nawe usiusogelee, mrithi hashiki mti wa marehemu. Nitautazama mwenyewe."

Na kweli aliutazama. Kulipopambazuka alikuja na fimbo yake, akainama, akapapasa tawi moja baada ya jingine, taratibu, kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Kisha aliutazama mlango wa Helena kwa muda mrefu, bila salamu. Helena alimwogopa kuliko Masumbuko. Masumbuko angeweza kudanganywa, lakini macho yale yangeona hata kikonyo kilichokatwa.

Mvua zikaanza, samadi ikaingia mizizini, matumba yakatoka kwa fujo. Helena aliamka mapema zaidi na bado hakuyamaliza.

Masumbuko alipanda pikipiki kwenda mnadani. "Nikirudi nikute limechanua, shemeji," alisema, akicheka. "Nimechoka kusubiri maiti."

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Jioni ile ile malaria ilimwangusha Helena, hata kukaa kitandani hakuweza. Kila asubuhi alisikia fimbo ya mama mkwe ikipita nje, ikisimama penye mwaridi, na alilia akiuma shuka. Aliyaona matumba yakifunguka akilini mwake, mekundu, mengi, na hakuwa na nguvu ya kuyafuata.

Asubuhi moja akasikia pikipiki ikikata kona kutoka barabara kuu. Alitambaa mpaka mlangoni, akausukuma kidogo.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kwenye tope, fimbo imetupwa kando. Mwaridi ulikuwa majani matupu, isipokuwa tumba moja lililoanza kuonyesha wekundu. Pikipiki ikaingia uani. Bibi kizee akalikata tumba kwa kucha, akalitia mdomoni, akalimeza bila kutafuna.