Kijiti Kati ya Mawe

Mama Namkunda alimpelekea bintiye kande kule msituni, alikokuwa na wenzake wakitoboa ardhi ili wajue kama barabara inaweza kupita chini ya mlima bila mti kukatwa. Namkunda alikuwa anapanga kwenye sanduku mawe yaliyotolewa chini, marefu na ya mviringo kama mihogo. Alipokwenda kunawa, mama akaona kijiti kimekaa katikati ya mawe. Akakitupa, akasogeza mawe yakabanana vizuri.

"Mama jamani! Umefanya nini?"

"Nimekupangia, mwanangu. Uliacha takataka."

"Kile kijiti ndiyo alama. Hapo hatukupata jiwe, mama, ni shimo tupu. Mpiga picha akilipiga sanduku hivi, watu watachimba njia hapo wakidhani ni mwamba, halafu mlima uwaporomokee."

Mama akageukia kule alikokitupa. "Na nani ataingia huko chini kwanza?"

"Si ni sisi hawa hawa!"

Wakapekua majani mpaka wakakipata. Namkunda akaangalia daftari lake, akapima, akakirudisha. Mama akapiga magoti, akayashika mawe huku na huku kwa viganja vyote viwili.

"Achia tu, mama, hayatembei."

"Mwite huyo mpiga picha," alisema, bila kuachia.