Mwalimu Katili wa Mwanzo

Tuseme mapema ili tusichoshane: mjinga wa siku ile alikuwa Profesa mwenyewe, ingawa aliamka akijiona mjanja wa chuo kizima.

Mwaka ule alikuwa anautafuta uprofesa kamili kwa udi na uvumba. Masharti yalikuwa matatu: atunge tamthilia, afundishe wanafunzi kuicheza, kisha apande nao jukwaani mbele ya mtahini wa kutoka nje. Akianguka hata moja, basi tena, atastaafu na cheo kilekile. Akatunga mchezo wa hakimu mla rushwa, na hakimu akawa yeye.

Kutunga hakukumsumbua. Kilichomkaa kooni ni mwanafunzi mmoja, binti mrefu ambaye Profesa alimbandika jina la Mlingoti kwa jinsi alivyokuwa mkavu jukwaani. Kila zoezi alimtolea mfano. "Mtazameni huyu. Akifa kwenye mchezo, tutajuaje?" Mwanzoni wenzake walicheka. Kufikia katikati ya mwaka, Profesa alikuwa anacheka peke yake.

Mwishowe akamnyang'anya nafasi yake, akampa kamba za pazia avute, na sare ya askari wa mahakama mwenye mstari mmoja tu: "Wote simameni."

Alasiri ya onyesho ukumbi ulifurika. Profesa yuko chumba cha kuvalia, joho begani, uso nusu poda, mara akasikia anaitwa kutoka jukwaani.

"Profesa, njoo mara moja. Nimesahau mstari wangu."

Mstari wa maneno mawili.

Damu ikampanda. Alipoingia jukwaani taa ilimpiga machoni. Alichoona ni binti tu, kule nyuma karibu na kiti cha hakimu, anatetemeka. Akamwendea, ameupa ukumbi mgongo. Minong'ono ya watu ikakatika ghafla.

"Mwaka mzima nakufundisha kusimama," alisema, "na kusimama kwenyewe hujui."

"Naomba unikumbushe tu, Profesa."

"Nikukumbushe nini? Sanamu ya duka la nguo ina uso kuliko wewe."

"Taratibu, tafadhali. Mama yangu yumo humo ukumbini."

"Vizuri sana. Ajue ada yake imeliwa na gogo."

Binti akaanza kulia.

"Hata kulia hujui," Profesa akasema. "Machozi yanatoka, uso umelala." Akaondoka kwa mlango wa nyuma, roho kwatu.

Muda si muda mchezo ukaanza, naye akamcheza hakimu wake kwa nguvu zote. Watu walipiga miayo. Mmoja alikohoa mpaka akatoka nje, na hakurudi.

Baadaye mtahini, mama mmoja asiye na masihara, alimfuata chumba cha kuvalia.

"Hakimu wako ni ubao, Profesa," alisema bila salamu. "Lakini yule mwalimu katili wa mwanzo? Nilishika kiti kwa mikono miwili. Ukumbi mzima uliacha kupumua."

"Mwalimu yupi?"

"Yule aliyemtukana askari wake, kabla pazia halijafungwa na kufunguliwa tena."

Poda ikaanza kumtiririka Profesa pamoja na jasho. Kumbe pazia lilikuwa wazi. Akapiga hesabu chapuchapu: akikiri, alama za kufundisha zimekwenda na maji, akisema ulikuwa mchezo, za kuigiza amezoa zote.

"Aa, ile," akacheka. "Nimeitunga mwenyewe. Tumeifanyia mazoezi muda mrefu, mimi na huyu binti. Ana kipaji, huyu."

"Haimo kwenye mswada ulionipa."

"Niliificha makusudi, mama, ili ikushtue."

Mtahini akamgeukia Mlingoti, aliyekuwa mlangoni anakunja sare yake, macho makavu kabisa.

"Eti binti, mlikuwa mnaigiza?"

Profesa alimtazama binti. Kwa mara ya kwanza mwaka ule, alimtazama kwa kumbembeleza.

"Mimi niliigiza, mama, tangu nilipofungua pazia nikamwita," binti akasema. "Yeye alikuwa anafundisha."