Ombi la Ishaka

Likoni nzima hakuna mwanamke wa rika langu aijuaye kompyuta kama mimi. Kuiwasha najua: nabonyeza. Kuizima huchomoa waya, wenyewe wakanigombeza.

Basi kisanduku cha Ishaka, kile kiungacho kompyuta na waya wa simu, kililia tena kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, na Bi Mwanasaumu akaziba masikio. Ilikuwa mwaka tisini na tisa, nyumbani kwake Timbwani, nami jirani yake nilikuwapo. Kila kisanduku kikilia hivyo, kompyuta huwa imeingia kwenye mtandao, imeishika laini, na simu ya mezani hufa kabisa. Tangu asubuhi ilikuwa imekufa.

"Na Mwanatabu akikwama Maskati, atanipata vipi?"

Mwanatabu ni bintiye, mke wa Ishaka, na siku ile ndiyo aliyokuwa arudi. Aliahidi kwamba ndege isipoondoka, atapiga simu.

Ishaka akasema simu haina haja tena. Programu yake itaiuliza kompyuta ya shirika la ndege yenyewe. Kwa ajili ya programu hiyo aliacha kazi bandarini. Ombi hujengwa mstari kwa mstari, akamweleza mkwewe: anwani juu, unachotaka chini yake, mwisho mstari mtupu. Akatuma. Kompyuta ya mbali ikajibu kwamba ombi limekosewa. Akaongeza nukta, akatuma. Limekosewa. Akafuta lote, akaandika upya, shati limemganda mgongoni. Limekosewa.

"Labda hujaiamkia," Bi Mwanasaumu akasema.

Ishaka akainamia tena herufi zake. Mama mkwe hajibiwi ovyo.

Adhuhuri ikapita hivyo hivyo, kisanduku kikilia, ombi likirudi. Mwishowe Bi Mwanasaumu akamwambia, pole pole kama aagizaye chumvi, kwamba alasiri ikifika mashine haijajibu, ataifunika shuka aiweke uvunguni, na kesho Ishaka arudi kubeba magunia. Akaenda zake jikoni.

Adhana ya alasiri haijaisha, Ishaka akamwita. Kwenye kioo palikuwa na maneno makubwa: ndege imeondoka Maskati, itatua magharibi.

Bi Mwanasaumu akasoma kwa kidole, neno kwa neno, machozi yakamlengalenga. Akasema mtaa mzima utajua leo kwamba ana mkwe msomi, na walionena kuwa kaozesha binti kwa mvivu watatafuta pa kuficha nyuso. Akavaa buibui apate kuwahi feri, maana uwanja wa ndege uko ng'ambo, kule Changamwe.

Mlangoni akageuka.

"Mbona mara hii sikumsikia mbuzi?"

"Ameshazoea, Mama."

"Na hivi sasa mashine imeshika laini?"

"Imeishika, Mama. Yaongea na wenyewe wa ndege. Wallahi."

Simu ya mezani ikalia.