Ombi la Chui kwa Niaba ya Swala

Wanyama walipoanza kutumia kompyuta, Tembo aliwaomba wenye kujitolea wakae baraza, wamshauri nchi ianze na utafiti gani. Baraza lilikuwa na sharti moja: hakuna kujiombea, kila mmoja amwombee mwenzake.

Chui hakukaa. Alizunguka nyuma ya wajumbe, mkia ukicheza.

"Mimi namwombea Swala," alisema. "Maskini huyu hupotea kila mara. Tutafiti kompyuta ya kutuonyesha alipo, usiku na mchana."

Wajumbe waliguswa na huruma hiyo. Tembo akainua mguu apige muhuri.

Swala, ambaye masikio yake hayatulii hata usingizini, alisimama.

"Asante, ndugu yangu. Nami nakuombea wewe. Kila usiku unatoka peke yako, na sisi hatulali kwa wasiwasi. Kompyuta hiyo ianze kwa kutuonyesha ulipo wewe."

Chui aliacha kuzunguka.

"Mimi sijapotea," alisema.

"Wala mimi," Swala akajibu.

Tembo alishusha mguu polepole, akauliza kama kuna ombi lingine. Kobe akamwombea Chura utafiti wa kutabiri mvua.

Wa kwanza kuunga mkono alikuwa Chui.